Hewa Ukaa Imeshikwaje?

Kujua unga fulani umenasa hewa ukaa kiasi gani, mizani inatosha: upime, upitishie gesi, upime tena. Mizani haikuambii gesi hiyo imeshikwaje, na gharama imejificha hapo. Molekuli iliyojiegemeza tu kwenye punje hutoka kwa joto dogo. Iliyofungamana nayo kikemia haiachii hivihivi, na joto la kuiachisha hulipiwa.

Kwa hiyo wakemia huumulika unga kwa infraredi. Molekuli ya hewa ukaa ina kaboni katikati na oksijeni mbili ubavuni, zote kwenye mstari mmoja, nayo hutetema muda wote. Kaboni ikichezacheza kati ya oksijeni zake, molekuli hufyonza infraredi ya mawimbi 2349 kwa sentimita. Ufyonzaji wa namna hii John Tyndall aliupima London mwaka 1859, na ndio unaoifanya gesi hiyohiyo ituletee joto duniani.

Kwenye zeolaiti, ambako gesi huegemea tu, kilele cha ufyonzaji huo kwenye grafu husogea kidogo kutoka 2349. Kwenye silika iliyopakwa amini, kemikali za ukoo wa amonia, mambo hubadilika. Nitrojeni ya amini ikiidaka kaboni, molekuli hupinda, mtetemo wa zamani hauwezekani tena, na vilele vipya huzuka karibu na 1550: hiyo ni kabameti. Pakiwa pakavu, kila molekuli hula amini mbili, moja ya kuishika na nyingine ya kupokea protoni iliyobanduka. Unyevu ukiwepo, baikaboneti huweza kuundwa, na amini moja ikatosha.

Unyevu huohuo ndio msumbufu mkubwa wa kazi hii. Maji nayo hufyonza karibu na 1640, katikati kabisa ya eneo la mabishano, na nina shaka na grafu yoyote inayosomwa hapo kwa jicho tu. Dawa yake ni kupitisha hewa ukaa ya kaboni-13, iliyo nzito kidogo. Kilele cha gesi hushuka hadi karibu 2283, na vilele vya kabameti na baikaboneti navyo husogea. Cha maji hakibanduki.

Kisha joto hupandishwa taratibu, kuona kilele kipi kitatoweka kwanza. Silika yenye amini kwa kawaida huachia kwenye nyuzi kama 100 za Selsiasi. Chokaa iliyokwisha kugeuka kaboneti ya kalsiamu hudai karibu 900.