Viporo vya plastiki navyo huliwa!

Wiki hii twende Uingereza, ambako watu wazima, wengine na mvi zao, hukaa mezani wakiunda vindege vya plastiki. Si utoto, bwana! Kampuni ya Airfix ilianza mwaka 1939, na mwaka 1953 ikatoa kidege cha Spitfire cha kuunganisha mwenyewe, kidogo mara 72 kuliko ndege yenyewe.

Kununua rahisi, kumaliza ndiyo kasheshe. Jamaa anabandika mabawa fasta, akifika kwenye kioo cha rubani, kinachotaka kuzibwa kwa utepe kabla ya rangi, hoi! Anarudisha boksini, kesho ananunua kingine. Baada ya miaka kumi kabati zima ni viporo, na kila akilifungua roho inamsuta.

Wenye uzoefu wana dawa. Kazi haijakwama yote, imekwama hatua moja tu. Basi toa boksi moja, jipya usiguse. Itafute hatua iliyokukimbiza, uipe robo saa kila usiku. Leo ziba ufa, kesho piga msasa. Gundi usiiharakishe: inayeyusha plastiki ili vipande vishikane, ukigusa mapema unaacha alama ya kidole. Nembo zimekuwa njano? Zitie kwenye mfuko angavu, bandika dirishani zipigwe jua siku kadhaa, unjano utapungua.

Haba na haba, kidege kinasimama kabatini. Haya, na wewe mwenzangu, uvunguni umeficha kiporo gani?