Televisheni Kuwa Kioo cha Kompyuta: Matumizi na Istilahi

Neno televisheni, kama litumikavyo katika Kiswahili cha leo, hubeba vitu viwili ndani ya jina moja. Kuna kipokezi, yaani sehemu inayonasa mawimbi kutoka mnara wa matangazo na kuyageuza kuwa picha na sauti. Kuna pia kioo, yaani sehemu inayoionyesha picha hiyo. Mtazamaji wa taarifa ya habari hana haja ya kuvitenganisha. Mtu anayetaka kuiunganisha kompyuta na televisheni, kinyume chake, anahitaji kioo peke yake, na sehemu kubwa ya matatizo atakayokutana nayo hutokana na kipokezi kujiingiza katika kazi isiyokihusu. Makala haya yanakusudia kueleza matatizo hayo, namna ya kuyaepuka, na jinsi ufinyu wa istilahi unavyoyaficha.

Mahali kama Mulungwishi, kando ya njia itokayo Likasi kuelekea Fungurume na Kolwezi, penye Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, suala hili si la anasa. Kompyuta moja ya kupakata haiwezi kusomwa na wanafunzi arobaini. Mashine ya kutupa picha ukutani huhitaji chumba chenye giza, na kwa kawaida hula wati 200 au zaidi. Televisheni bapa ya inchi 32 hula wati kati ya 30 na 60 hivi, kiasi ambacho betri na paneli za jua za kawaida huweza kukihimili umeme wa gridi unapokatika. Isitoshe, zipo televisheni za zamani ambazo hazina tena cha kunasa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kipindi cha mpito kutoka utangazaji wa analogia kwenda ule wa dijitali, na Dar es Salaam ilikwisha kuzima mitambo yake ya analogia tarehe 31 Desemba 2012. Mashine ya namna hiyo husemwa kuwa imekufa. Kilichokufa ni kipokezi; kioo bado ni kizima.

Matumizi haya si mageni. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, kama ZX81 ya mwaka 1981 na Commodore 64 ya mwaka 1982, hazikuuzwa na kioo chake. Mnunuzi alitarajiwa kutumia televisheni ya sebuleni kwa kuchomeka waya katika tundu la antena. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kijimtambo kilichojifanya kituo cha utangazaji: picha ilipandishwa juu ya mawimbi, kisha kipokezi cha televisheni kikaishusha tena. Kazi hiyo ya kupandisha na kushusha haikuwa na faida yoyote kwa picha. Ilikuwa ni kodi iliyolipwa kwa sababu televisheni nyingi hazikuwa na mlango mwingine.

Kodi hiyo iliyaumiza maandishi kuliko picha, na hesabu yake ni rahisi. Katika mfumo wa mistari 625, sehemu inayoonekana ya kila mstari huchorwa kwa muda wa mikrosekunde 52. Mkondo wa picha wenye upana wa megahezi 5 hauwezi kubeba zaidi ya nukta kumi hivi kwa kila mikrosekunde, yaani nukta 520 kwa mstari mzima. Herufi za kompyuta hizo zilichorwa katika mraba wa nukta nane kwa nane. Safu ya herufi 40 ilihitaji nukta 320, ikaenea bila shida. Safu ya herufi 80, ambayo ndiyo kawaida ya maandishi ya ofisi, ilihitaji nukta 640, na hapo herufi zilivimba na kuingiliana. Ndiyo maana Commodore 64 ilionyesha herufi 40 katika safu, na ZX Spectrum ya mwaka 1982 herufi 32 tu.

Mwanaisimu hawezi kuipita hesabu hii bila kusimama kidogo. Mashine hizo zilipangwa na watu waliofikiri kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi. Chukua sentensi ya Kiswahili yenye maneno manne: Wanafunzi watakaochelewa hawataruhusiwa kuingia. Katika safu ya herufi 32 yanaenea maneno mawili tu. Katika safu ya 40 yanaenea matatu, na nafasi moja inabaki. Mashine isiyojua mipaka ya maneno hukata popote safu inapokwisha, na kitenzi cha Kiswahili kikikatwa katikati ya viambishi vyake, msomaji hupoteza nafsi upande mmoja na mzizi upande mwingine. Kuna pia kadhia ya ng'. Katika maandishi ambayo kila alama hupewa mraba sawa, kijialama cha juu huchukua nafasi nzima peke yake, na ng'ombe akaonekana kama maneno mawili. Alama hiyo ikififia kabisa kwenye kioo kibovu, ng'oa inakuwa ngoa, na mkulima aliyeambiwa ang'oe magugu anasoma habari za matamanio. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa na nafuu kuliko Kifaransa, ambacho alama zake juu ya irabu zilipata nafasi finyu ndani ya nukta nane.

Kwa upande wa Kongo palikuwa na kikwazo cha ziada. Zaire, iliyoanza utangazaji wa televisheni mwaka 1966, ilifuata mfumo wa rangi wa Kifaransa uitwao SECAM, ilhali Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, na Kenya zilifuata PAL. Kompyuta iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza, ikiunganishwa na televisheni ya SECAM pekee, ilitoa picha isiyo na rangi. Sauti nayo ilipotea, kwani mfumo wa Uingereza uliiweka megahezi 6 juu ya picha na ule wa Zaire megahezi 6.5. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba maandishi yasiyo na rangi yalisomeka vizuri zaidi: rangi husafiri ndani ya mkondo uleule wa picha, na inapoondolewa, kingo za herufi hupata nafasi. Mwalimu mwenye televisheni ya zamani inayoonyesha kompyuta kwa rangi nyeusi na nyeupe hana sababu ya kulalamika, maadamu anafundisha kusoma na si kuchora.

Suluhisho la kweli lilikuwa kukikwepa kipokezi. Nchini Ufaransa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, televisheni mpya zililazimishwa kuwa na tundu pana la pini 21 lililopokea rangi nyekundu, kijani na samawati kila moja kwa waya wake. Kompyuta zilizopitia tundu hilo zilionekana kwa wangavu ambao tundu la antena halikuweza kuufikia. Kompyuta za ofisi, kwa upande wake, zilijitenga. Kiwango cha VGA cha mwaka 1987 kilichora mistari karibu 31,500 kwa sekunde, na televisheni ilichora 15,625. Tangu hapo, kioo cha kompyuta na televisheni vikawa jamaa wasiosalimiana kwa takriban miaka kumi na mitano.

Upatanisho ulikuja na vioo bapa na waya wa HDMI, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa Desemba 2002. Waya huu hupeleka picha kwa tarakimu, nukta kwa nukta, pamoja na sauti. Lakini hawakusahauliwa wenye mashine za zamani. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, ilipewa tundu la HDMI na pia tundu la manjano la picha ya analogia, hivyo hata televisheni ya tyubu iliweza kuitumikia. Anayetumia tundu la manjano na akumbuke hesabu ya nukta 520: herufi ziwe kubwa na nene. Mstari mwembamba wa ulalo nao humemetameta, kwa sababu televisheni ya tyubu huchora mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu, na mstari mmoja pekee huonekana mara 25 tu kwa sekunde.

Kwa televisheni bapa, matatizo yaliyobaki ni mazoea ya kipokezi yaliyorithiwa bila haja. La kwanza ni kukatwa kwa kingo. Tyubu za zamani hazikuweza kuchora kingo zilizonyooka, kwa hiyo picha ilipanuliwa kidogo ili ncha zake zifichwe nyuma ya fremu. Televisheni nyingi bapa zinaendelea na desturi hiyo, na mtumiaji wa kompyuta hujikuta amepoteza utepe wa juu wa programu na saa iliyo chini. Dawa imo katika mipangilio ya picha ya televisheni yenyewe: achague ukubwa wa picha usiopanua, au aliambie tundu la HDMI kwamba linapokea kompyuta. La pili ni rangi. Matangazo hubeba undani wa rangi kwa nusu ya ule wa mwanga, kwa kuwa jicho halioni tofauti katika sura ya mtu. Televisheni inayoitendea kompyuta vivyo hivyo huyavuruga maandishi mekundu juu ya samawati, huku meusi juu ya meupe yakibaki safi. La tatu ni ucheleweshaji. Televisheni huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kishale hufuata mkono kwa kuchelewa. Mapambo yote ya picha yafaa kuzimwa.

Lipo swali ambalo wauzaji hawaliulizi, nalo ndilo kubwa kuliko yote kwa mwalimu: mwanafunzi wa nyuma atasoma? Herufi husomeka bila taabu ikiwa kimo chake kinakaribia sehemu moja ya mia mbili ya umbali. Kwa aliyekaa mita 6 kutoka kwenye kioo, hiyo ni milimita 30. Televisheni ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi. Ukiacha nafasi baina ya mistari, inaenea mistari minane. Ukurasa mzima wa kitabu haufai kuonyeshwa hapo, unafaa kugawanywa. Mtumiaji mmoja aliyekaa mezani yuko katika hali iliyo kinyume: nukta 1,366 zilizotandazwa katika upana wa sentimita 70 ni nukta za nusu milimita kila moja, na kwa jicho lililo karibu zinaonekana kama punje.

Onyo moja linahitajika kuhusu televisheni za tyubu. Zisifunguliwe na asiye fundi ili kuwekewa tundu ambalo kiwanda hakikuliweka. Tyubu ya rangi huendeshwa kwa volti zinazofikia 25,000 na huweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuzimwa; zaidi ya hayo, katika baadhi ya mashine za zamani bamba la ndani limeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, na waya wowote utakaotolewa hapo utaufikisha umeme huo kwenye kompyuta na kwenye mkono. Kwa mashine ya namna hiyo, tundu la antena ndilo njia pekee iliyo salama.

Yabaki maneno. Tanzania imekwisha kulitatua nusu ya tatizo bila kukusudia: kipokezi cha dijitali kilipotoka nje ya televisheni na kukaa pembeni kama kisanduku, kilipata jina lake, king'amuzi. Sehemu iliyobaki imeendelea kuitwa televisheni au runinga, ingawa kazi ya kunasa imekwisha kuhamia kwingine. Kwa upande wa kompyuta kuna skrini, kioo na kiwambo. Skrini inaeleweka lakini haisemi kitu kwa asiyejua Kiingereza. Kiwambo, kutokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma, ni neno zuri zaidi kwa kuwa linataja uso uliotandazwa ili utumike, bila kujali kinachopigwa juu yake, na laifaa televisheni iliyounganishwa na kompyuta kuliko jina lake la kuzaliwa. Katika Kiswahili cha Likasi na Kolwezi maneno haya hupishana na yale yaliyotokana na Kifaransa: ordinatere, televizio, ekra. Ekra ina sifa ileile ya kiwambo, maana hutaja uso tu. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa atazame ekra hukutana na kiwambo katika vitabu vya Dar es Salaam akadhani ni kifaa kingine. Karatasi ya mafunzo itakayobandikwa karibu na televisheni ya darasa, basi, iyaandike maneno hayo mawili bega kwa bega, na neno televisheni litumike pale tu antena au king'amuzi kinapohusika.