Mwenza wa Samaki wa Dhahabu Achaguliwe kwa Maji

Anayenunua samaki wa mapambo humwuliza muuzaji kama hawa na wale watagombana. Kwa samaki wa aina nyingi hilo ni swali zuri, lakini kwa samaki wa dhahabu huwa limekuja mapema mno. Samaki huyu ni mpole, na ni nadra amwandame mwenzake. Madhara yanayompata akichanganywa na wageni hutokana zaidi na maji wanayotumia pamoja: joto lake, oksijeni iliyomo na uchafu unaorundikana humo. Kwa hiyo naona mfugaji aanze na maji, kisha midomo, na tabia aiangalie mwishoni. Akiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, orodha ya wenza wanaofaa itakuwa fupi sana, na wa kwanza humo atakuwa samaki wa dhahabu mwingine mwenye umbo kama lake.

Samaki wa dhahabu ni wa ukoo mpana ambao ndani yake yumo pia ningu wa Ziwa Victoria. Wachina walianza kuwachagua na kuwazalisha wale wenye rangi ya dhahabu katika mabwawa yao enzi za utawala wa Song, uliodumu kuanzia karne ya 10 hadi ya 13. Mabwawa hayo yalikuwa nje, yakipitia majira ya baridi kila mwaka, na mwili wa samaki huyu umebaki kuwa wa maji ya ubaridi. Anastawi kati ya nyuzijoto 18 na 23. Gapi, beta na samaki malaika, ambao ndio huuzwa kando yake, ni wa nchi za joto na wanataka nyuzi 24 hadi 28. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila inagusa pumzi yenyewe. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 28 hubaki na chini ya 8. Wakati huohuo joto huuharakisha mwili wa samaki, kwa hiyo anahitaji oksijeni nyingi zaidi palepale inapopungua. Ukiyapasha maji moto kwa ajili ya beta, unambana samaki wa dhahabu pande zote mbili.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ana haki ya kupinga hapa. Kwake hakuna anayewasha kipasha maji. Tangi la sebuleni hufuata joto la chumba, na kipindi cha kaskazi huweza kufika nyuzi 29 au 30 bila kumwuliza mtu. Kama samaki wa dhahabu anaishi humo tayari, gapi atamwongezea joto gani? Pingamizi hilo lina nguvu, nami sisemi kwamba samaki huyo atakufa kesho. Anavumilia mengi, na uvumilivu huo ndio unaowapoteza wafugaji. Lakini wa Pwani tayari anaishi karibu na ukingo wa uwezo wake, na akiba yake ya oksijeni ni ndogo. Kila mwili unaoongezwa tangini unakula akiba hiyohiyo, na umeme ukikatika usiku pampu ya hewa ikanyamaza, tangi lililojaa ndilo litakalozidiwa kwanza. Kwa hiyo joto la Pwani ni sababu ya kuwapunguza wenza na kuyaongeza maji. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji hubeba oksijeni pungufu kwa sababu ya mwinuko, ila ubaridi wake unamfaa samaki huyu, na mfugaji wa huko ana nafasi pana kidogo ya kuchagua.

Jambo la pili, nalo ni zito kuliko wengi wanavyodhani, ni uchafu. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo: chakula kikitoka kooni huingia moja kwa moja katika utumbo, naye hupekua na kula mchana kutwa. Taka ya mwili wake hutoka kwa wingi kupitia matamvua, ikiwa amonia. Bakteria wanaoota ndani ya filta huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Sasa watazame sikilidi wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato na perege, wanaovuliwa Kigoma na kwingineko kwa ajili ya matangi ya dunia nzima. Wao wanataka maji ya joto na ya alkali, yenye pH karibu 9. Katika maji ya pH 7 na nyuzi 27, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 na joto hilohilo, inazidi theluthi. Samaki mwenye taka nyingi amewekwa katika maji yanayoifanya taka yake kuwa kali kuliko kwingine kote. Ugomvi wa sikilidi, wanaolinda maeneo yao kwa ukali kweli, ni nyongeza tu.

Hoja hii ya uchafu inajibu pia ushauri unaotolewa madukani, kwamba tangi likichafuka muweke pleko, yule kambare wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya, atasafisha. Pleko hula mwani wa kijani ulioganda kwenye kioo. Amonia hailambi, bali huiongeza, kwa kuwa naye anakula na kutoa taka, na aina inayouzwa zaidi hukua ikapita sentimita 30. Tena akikosa chakula cha kutosha huweza kujibandika ubavuni mwa samaki wa dhahabu, aliye mzito na asiyekimbia, akala ute unaokinga ngozi yake. Palipokwanguliwa huingia fangasi na bakteria.

Kuhusu midomo nitasema kwa ufupi. Samaki wa dhahabu humeza chochote kinachoenea mdomoni, hivyo gapi wadogo na kamba wa mapambo ni chakula chake. Kambare wadogo wa jamii ya koridora wana miiba migumu mapezini. Wakimezwa miiba hiyo hukwama kooni na wote wawili huweza kufa. Na samaki wa milia wenye mazoea ya kunyofoa mapezi hawawezi kuachiwa mkia mrefu unaopepea mbele yao siku nzima.

Wapo watakaosema kwamba wamewachanganya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyekufa. Mwaka ni kipimo kifupi kwa mnyama huyu. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15 na zaidi. Tish, aliyefugwa Uingereza, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Matamvua yanayounguzwa kidogo kidogo na amonia hayamwangushi samaki kwa siku moja. Humdumaza, humfanya ashikwe na maradhi ambayo angeyashinda, na akifa mwaka wa tatu mwenyewe huamini kwamba umri wake ulikuwa umefika.

Tukirudi kwa mwenza wa kwanza niliyemtaja, hapa napo panahitaji uangalifu. Samaki wa dhahabu hupenda kundi, kwa hiyo anayehofia upweke wake ana haki, na dawa ni kumpa mwenzake wa aina yake. Lakini karne nyingi za uzalishaji zimewagawa. Kometi na shubunkini ni wembamba, wenye mkia mmoja, wepesi, na hupita sentimita 25. Hawa makazi yao hasa ni bwawa. Oranda, ranchu na wale wa macho ya kutokeza wana mwili wa duara na mikia miwili. Ranchu hana pezi la mgongoni, oranda mkubwa huweza kufunikwa macho na nyama ya kichwani, na mwenye macho ya kutokeza haoni vizuri. Wakiwekwa pamoja na kometi, chakula huisha kabla hawajakifikia, na njaa hiyo haina kelele wala majeraha ya kuonekana. Wenye duara wakae na wenye duara. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni lita 75 hivi kwa wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezwa, nami kwa Pwani ningezidisha. Koi, anayefanana na samaki wa dhahabu, hukua akafika sentimita 60 au zaidi. Tangi la nyumbani halimtoshi kabisa.

Nje ya kundi hilo wanabaki wachache wa maji ya ubaridi. Dojo, samaki mrefu kama mkunga kutoka Asia Mashariki, anahimili taka, ni mtulivu na hukua vya kutosha asimezwe. Samaki wadogo wa Mlima Baiyun, karibu na Guangzhou, wanalingana na samaki wa dhahabu kwa joto, ila urefu wao ni kama sentimita 4, basi wafugwe na wadogo au na wenye duara wasio na kasi, na hata hapo mfugaji ajue wengine wataliwa. Mgeni yeyote akae peke yake wiki 3 au 4 kwanza, kwa kuwa vimelea vya matamvua na ngozi havionekani siku ya kununua. Na atakayeondolewa kwa kutopatana arudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine. Asimwagwe mtoni wala mtaroni: Marekani na Australia samaki wa dhahabu walioachiliwa wamezaliana porini, wakatibua matope ya chini na kung'oa mimea ambayo samaki wenyeji hutagia mayai.