Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mtoto asiyeona aliyezaliwa Pemba ana haki ya kusoma sawa na mwenzake wa Nairobi. Lakini haki hiyo, pasipo mwalimu ajuaye maandishi ya nukta nundu, ni maneno matupu.

Visiwa vyetu ni vidogo; hatuwezi kujenga peke yetu kila chuo kinachohitajika. Ndugu zetu wa Bara wana Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Na jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 1986, wana taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Tena Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, katika ibara ya 120 unazitaka nchi wanachama zishirikiane kuwahudumia watoto na watu wenye ulemavu, elimu ikiwemo.

Basi hatuhitaji mkataba mwingine, tunahitaji utekelezaji. Ndugu viongozi, tengeni fedha walimu wetu wavuke bahari wakasome, na vitabu vya Kiswahili vya nukta nundu vivuke kuja kwetu. Nanyi wazazi, msiwafiche watoto majumbani: asiyeonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu.