Usipuuze mlio wa boneti: Tiba ya komeo linalolia

Na MWANDISHI WETU

MLIO mwembamba wa chuma kikikwaruza chuma husikika kila gari linapopita kwenye bonde au jiwe. Abiria huuzoea, naye dereva huongeza sauti ya redio. Kwa wenye magari wanaopanda na kushuka milima ya Gwassi kati ya Magunga, Sindo na Karungu, mlio huo ni jambo la kila siku, na wengi huuchukulia kuwa sehemu ya uzee wa gari.

Lakini mlio unaotoka mbele ya gari, pale boneti inapofungia, haufai kupuuzwa. Mara nyingi ni dalili ya kwanza kwamba komeo la boneti limekauka, limejaa vumbi au limelegea. Komeo hilo ndilo linalozuia boneti kuinuliwa na upepo na kukuziba kioo cha mbele ukiwa mwendoni.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Jinsi komeo linavyofanya kazi

Komeo, au loki kama makanika wengi wanavyoliita, hukaa juu ya rejeta, katikati ya mbele ya gari. Chini ya boneti kuna pete au pini ya chuma. Boneti inapofungwa, pete hiyo huingia katika ulimi wa komeo, na springi huushikilia ulimi usiachie. Waya hutoka hapo hadi kwenye kishikio kilicho chini ya dashibodi, na ukikivuta, ulimi huachilia pete.

Pamoja na komeo hilo kuna ndoana ya usalama. Kazi yake ni moja tu: kuikamata boneti iwapo komeo kuu litaachia bila kutarajiwa. Ndiyo sababu ukivuta kishikio, boneti huinuka kidogo tu, na inakubidi upenyeze vidole kutafuta ndoana ndipo uifungue kabisa. Nchini Marekani, kanuni ya usalama wa magari nambari 113 inaagiza kwamba boneti inayoinukia upande wa mbele na inayoweza kumziba dereva macho iwe na hatua hiyo ya pili.

Sehemu hizi zote hutegemea mafuta na usafi. Vumbi la barabara ya changarawe huingia kupitia mbele ya gari, hushikamana na grisi ya zamani na kufanya tope gumu linalosaga chuma kama msasa. Mvua ikinyesha, kutu hufuata.

Hatari hii haikumbi magari makuukuu pekee. Mwaka wa 2020, kampuni ya Nissan iliagiza zaidi ya magari milioni 1.8 aina ya Altima yarejeshwe kukaguliwa. Hayo yalikuwa ya matoleo ya mwaka wa 2013 hadi 2018. Ilibainika kwamba vumbi na uchafu, pamoja na kufunguliwa na kufungwa mara kwa mara, viliweza kuondoa rangi inayokinga chuma cha komeo, kikashika kutu, na ndoana ya usalama ikakwama ikiwa wazi. Ikiwa vumbi liliweza kufanya hivyo katika magari mapya kiasi, ni wazi litafanya zaidi katika Probox iliyotumika miaka mingi Japani kabla ya kuletwa Kenya, kisha ikabebeshwa abiria na magunia kila siku.

Tafuta chanzo kwanza

Usikimbilie grisi kabla hujajua kinacholia. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini na uiache ipoe. Boneti ikiwa imefungwa, weka viganja juu ya mahali penye komeo na ubonyeze taratibu mara kadhaa. Mlio ukisikika hapo, komeo ndilo lenye kosa. Ukisikika pembeni, chunguza raba mbili ambazo boneti huegemea kushoto na kulia. Ukisikika tu unapofungua, bawaba zilizo karibu na kioo ndizo kavu.

Usafi kabla ya grisi

Kosa la kawaida ni kupaka grisi mpya juu ya uchafu wa zamani. Mlio hunyamaza kwa siku chache, kisha vumbi lililo ndani huendelea kula chuma.

Chukua mswaki wa zamani au brashi ndogo, uchovye katika mafuta ya taa kidogo, na usugue ulimi, springi, ndoana na pete ya boneti hadi chuma kionekane. Fanya hivyo injini ikiwa baridi kabisa, mbali na moto na sigara. Futa kwa kitambaa kikavu na usubiri sehemu hizo zikauke.

Kisha paka grisi kiasi kwenye ulimi, kwenye egemeo ambalo ndoana huzungukia, na kwenye pete. Grisi ikizidi hunasa vumbi zaidi. Dondoshea waya matone machache ya oili nyepesi pale unapoingia kwenye komeo. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa huganda na kunata. Dawa za kunyunyizia zinazolegeza kutu husaidia kusafisha, lakini nyingi huisha upesi na haziwezi kuchukua nafasi ya grisi.

Raba zipanguswe tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Grisi huziharibu.

Boneti ikicheza

Ikiwa boneti bado inacheza na kulia, huenda raba zimeshuka. Weka kipande cha karatasi juu ya raba, funga boneti, kisha uivute karatasi. Ikitoka bila kukazwa, raba iko chini mno. Katika magari mengi, raba hupanda ukiizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Zungusha pande zote mbili kwa kiasi sawa, kidogo kidogo. Ukizidisha, komeo halitafunga sawasawa, na hilo ni hatari kuliko mlio wenyewe.

Kagua pia bolti zinazoshikilia komeo, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10 au 12. Kabla ya kuzilegeza, chora alama kuzunguka komeo ili uweze kulirudisha mahali pake.

Jaribu kabla ya kuondoka

Boneti ikiwa wazi, sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi hadi ufunge, kisha uvute kishikio kilicho ndani ya gari. Ulimi uachie mara moja. Hakikisha umeachia kabla ya kufunga boneti, la sivyo utapinda chuma.

Halafu funga boneti, vuta kishikio, na ujaribu kuiinua bila kugusa ndoana. Isifunguke. Sukuma ndoana kwa kidole na uiachilie: irudi yenyewe bila kusaidiwa. Ikisita hata baada ya kusafishwa, au ikiwa imepinda kwa sababu ya ajali, komeo libadilishwe. Kuifunga boneti kwa waya au kamba si tiba, kwani injini ikishika moto hutaweza kuifungua upesi.

Na iwapo boneti itainuka ukiwa safarini, usikanyage breki kwa ghafla. Washa taa za tahadhari, punguza mwendo polepole, chungulia kwenye mwanya ulio chini ya boneti au kupitia dirisha la pembeni, na uegeshe kando.

Kazi nzima haihitaji zaidi ya saa moja, mswaki na grisi kidogo. Kwa gari linalopita barabara za vumbi kila siku, irudiwe kila linapopelekwa kubadilishwa oili.