Chakula cha Wafilipino: jina la mgeni, chungu cha mwenyeji

Mtu akisikia majina ya vyakula vya Ufilipino kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba nchi ile haikuwa na chakula chake yenyewe. Adobo ni neno la Kihispania. Pansit, yaani tambi zao, ni jina lililotoka kwa wafanyabiashara wa Kichina. Kechapu waliizoea wakati wa Wamarekani. Lakini jina la chakula linatuambia ni nani aliyepita, halituambii ni nani aliyekuwa akipika.

Tuchukue adobo. Ni nyama ya kuku au ya nguruwe inayochemshwa polepole ndani ya siki, pamoja na kitunguu saumu na pilipili manga. Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, ina joto jingi, na nyama huharibika upesi. Siki inazuia kuoza, hata mtu asiye na frigo anaweza kula nyama hiyo kesho yake bila hofu. Wenyeji walikuwa na siki yao, wakiitengeneza kwa utomvu wa mnazi. Wahispania walipokuja kukaa, mwaka 1565, waliikuta desturi hiyo. Kwao pia walizoea kuloweka nyama ndani ya siki, wakiita adobo, basi wakalitumia neno lao. Mtawa Pedro de San Buenaventura aliitaja adobo ya wenyeji katika kamusi yake ya Kitagalogi ya 1613. Jina likashika. Sosi ya soya, inayoipa adobo ya siku hizi rangi ya kahawia, ilitoka kwa Wachina. Lakini ukiondoa sosi adobo inabaki, na wako wanaoipika hivyo mpaka leo. Ukiondoa siki hakuna adobo.

Kwa mchele hakuna mgeni aliyewafundisha kitu. Ukiwa shambani wanauita palay, ukishakobolewa ni bigas, ukiiva ni kanin: sawasawa na mpunga, mchele na wali katika Kiswahili. (Wengine wetu tunasema mchele hata ukiwa sahanini, lakini maneno tunayo!) Wahispania na Wamarekani walikuwa na neno moja tu kwa hayo yote.

Tangu 1565 mpaka 1815 meli za Wahispania zilisafiri kati ya Manila na Acapulco, huko Meksiko. Zilileta mahindi, nyanya, mapapai na muhogo. Hapo sisi wa Kongo tusimame kidogo, kwa sababu muhogo huo ni ndugu wa ule wa kwetu: ulitoka bara lilelile la Amerika, ila kwetu uliletwa na Wareno kwa bahari ya Atlantiki. Wafilipino waliuita kamoteng kahoy, maana yake kiazi cha mti. Je, nani leo kati yetu atasema kwamba sombe ni chakula cha kigeni? Tena meli hizo hazikurudi tupu. Mabaharia wa Kifilipino walipeleka Meksiko ufundi wa kugema mnazi, na katika jimbo la Colima kinywaji hicho bado kinaitwa tuba, jina lake la Kifilipino.

Wamarekani waliichukua nchi mwaka 1898, wakaleta vyakula vya makopo. Maria Orosa, Mfilipino aliyesomea kemia huko Seattle, alirudi nyumbani akiamini kwamba nchi yake inaweza kujilisha kwa mazao yake. Nyanya zilikuwa chache, ndizi zilijaa kila mahali. Akatengeneza kechapu ya ndizi. Wajapani walipoiteka nchi katika Vita Kuu ya Pili, alitengeneza unga wa soya wenye nguvu, ukapenyezwa kwa siri kambini kwa wafungwa waliokuwa wakifa njaa. Mama wa Kivu anayempikia mtoto dhaifu uji wa soya anaelewa kazi hiyo bila kuelezwa. Orosa aliuawa Februari 1945, mabomu yalipokuwa yakianguka juu ya Manila.

Kechapu yake ingali mezani. Wanaitia rangi nyekundu ifanane na ya nyanya, na kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wanaipikia tambi za spageti, tamu kabisa, hata Mwitaliano angeshangaa.