Kalengera: Nani anaweza kufungua fishi ya mgonjwa kwenye kompyuta?

Mtu wa Kalengera, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, akienda kutibiwa, habari zake huandikwa kwenye fishi. Fishi ya karatasi hulindwa na kabati lenye kufuli. Je, hospitali ikihamishia fishi hizo kwenye kompyuta, kufuli liko wapi?

Katika teritwari ya Rutshuru swali hili si dogo. Vita vimewakimbiza watu mara nyingi, na katika siri wanazowaachia waganga kuna majibu ya virusi vya Ukimwi na habari za wanawake waliobakwa. Siri kama hiyo ikitoka, mtu anaweza kufukuzwa nyumbani, ama kutafutwa na yule aliyemtendea ubaya.

Jibu moja limejaribiwa kwa jirani zetu. OpenMRS ni programu ya bure ya kutunza fishi za wagonjwa. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, nchini Kenya, kisha Rwinkwavu, nchini Rwanda. Imeandikwa kwa lugha ya Java, ambayo hujenga programu kwa vipande vinavyoitwa "vitu". Kila kitu kina kazi zake: kimoja hutafuta wagonjwa, kingine huhifadhi majibu ya vipimo.

Lakini ombi la daktari halifiki kwenye kitu hicho moja kwa moja. Mbele yake husimamishwa kitu kingine, proksi, chenye kazi za majina yale yale. Daktari akibonyeza ili kutafuta mgonjwa, ombi linapokelewa kwanza na proksi. Inaangalia: huyu ameingia kwa jina gani? Ana ruhusa ya kazi hii? Akiwa nayo, ombi linapitishwa. Akikosa, linarudishwa hapo hapo, na kitu kilicho nyuma hakijui hata kwamba kuna mtu aliyebisha hodi.

Kwa nini ukaguzi usiandikwe ndani ya kila kazi? Kwa sababu kazi ni nyingi, na kuandika ukaguzi ule ule kila mahali ni kutafuta makosa. Kwa njia ya proksi, mtengenezaji anabandika tu juu ya kila kazi jina la ruhusa inayotakiwa. Proksi inasoma kibandiko hicho na kuamua. Java yenyewe imekuwa na chombo cha kuunda proksi za namna hii tangu mwaka 2000.

Kuna faida nyingine. Mtu anapohifadhi fishi, ombi lake hukamatwa njiani ili jina lake na tarehe viongezwe. Akibadilisha jibu la kipimo, inajulikana ni nani na lini.

Hata hivyo, mlinzi wa mlangoni haoni yanayopita dirishani. Kazi isiyobandikwa ruhusa inapita bila kuulizwa. Kitu kikiita kazi yake chenyewe, kutoka ndani, ombi halifiki kwa proksi. Na mwenye neno la siri la hazina ya data, ama aliyebeba mashine yenyewe, anaweza kusoma fishi zote bila kukutana na mlinzi huyo, kama data hazikufichwa kwa msimbo. Mahali ambapo miji hubadilisha mikono, hatari hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Tena kuna kosa la binadamu: wauguzi watano wakitumia jina moja na neno la siri moja, proksi inamwona mtu mmoja tu. Ruhusa ya mmoja inakuwa ya wote, na aliyebadilisha fishi hajulikani tena.

Sheria ipo. Kanuni ya mambo ya kidijitali ya DRC, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayohusu ulinzi wa data binafsi. Lakini sheria haifungi mlango yenyewe. Kabla ya kukubali kompyuta, wakubwa wa kituo cha afya na kamati ya wananchi waulize maswali manne: kila mfanyakazi ana jina lake? Kila kazi ya programu imewekewa ruhusa? Data zimefichwa kwa msimbo? Na siku ya kukimbia, mashine inabaki kwa nani?

Mgonjwa hawezi kuuliza hayo akiwa kitandani. Lazima yaulizwe kabla hajafika.